Kabla ya kwenda saluni: naomba kueleweshwa kuhusu balayaji

Ua_la_Asubuhi

Wadau, habari zenu. Ninakusudia kupaka nywele zangu rangi kwa mtindo wa balayaji, lakini kabla sijakaa kwenye kiti cha saluni ningependa kuelewa ni kitu gani hasa ninachokwenda kuomba. Kila ninayemuuliza ananionyesha picha, na picha zenyewe hazifanani hata kidogo. Moja ina nywele nyeusi zenye michirizi myembamba ya rangi ya asali, nyingine nusu yote ya chini imekuwa ya dhahabu, na ya tatu imepauka kidogo tu kuzunguka uso, mithili ya mtu aliyeshinda juani. Zote zinaitwa jina hilohilo.

Nywele zangu ni nyeusi ti, na zikinyooshwa hufika chini kidogo ya mabega. Nusu ya juu ni za asili, za kipilipili, na hazijatiwa kitu chochote. Nusu ya chini ilitiwa dawa ya kulainisha zamani, kisha ikapakwa rangi nyeusi ya boksi ili ifanane na ya juu. Ninachotaka ni rangi ya karameli iliyotulia.

Naomba kujua balayaji inatofautianaje na ombre pamoja na hailaiti. Je, ni lazima blichi, yaani dawa ya kupausha, itumike, au ipo rangi inayoweza kuifanya kazi hiyo peke yake? Je, ni kweli kwamba mtindo huu hauhitaji matunzo mengi? Na nimweleze nini mtaalamu ili anielewe vizuri?

Fundi_Brashi

Dada Ua la Asubuhi, karibu. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya kupaka rangi, kwa hiyo nitaanza na swali lako la kwanza na kuwaachia wengine ya kemia.

Kinachowachanganya wateja wengi ni kudhani kwamba balayaji ni rangi fulani, ilhali ni namna ya kupaka. Mtaalamu huchagua mafungu ya nywele kwa jicho lake, akayapaka dawa ya kupausha kwa brashi, kwa mkono huru, bila kuyafunga ndani ya foili (karatasi nyembamba ya alumini), na huziacha nywele za karibu na ngozi ya kichwa zibaki na weusi wake. Ndiyo maana balayaji inaweza kuwa ya dhahabu, ya shaba, ya kahawia au hata nyekundu, na ndiyo maana picha zako zote tatu zinaweza kuwa za kweli. Mtindo huu ulikuzwa na wasusi wa Paris katika miaka ya 1970, na tangu mwanzo lengo lake lilikuwa kupata wepesi wa rangi usioonyesha wazi kwamba mtu ametoka saluni.

Kwa mkono, kazi yenyewe huenda hivi. Ninatenga fungu lenye upana wa vidole viwili hivi, ninalichana mpaka lifunguke, kisha ninalikaza kwa mkono wa kushoto. Brashi hugusa kwanza kingo mbili za fungu, ikianzia juu kidogo, halafu huteremka kuelekea katikati, hata dawa ikachora umbo la herufi V. Huku juu ninapitisha brashi kwa wepesi sana, ikiwa karibu kavu. Kadiri ninavyoshuka ninaongeza dawa, na nikifika kwenye ncha ninazipaka pande zote mbili na kuzibinya kwa vidole ili kusibaki sehemu nyeusi ndani. Umbo hilo la V ndilo linalofanya jicho lisipate mahali pa kusema, rangi imeanzia hapa.

Ombre ni kitu kingine. Huko nywele zote, kuanzia kimo fulani hadi kwenye ncha, hubadilika pamoja, kwa hiyo giza hukaa juu na mwanga chini kichwa kizima. Hailaiti za foili ni nyuzi nyembamba zilizochaguliwa kwa mpangilio, zikapakwa kuanzia karibu kabisa na ngozi na kufungwa moja moja. Foili huhifadhi joto na unyevu, na dawa yenye joto na unyevu hupausha zaidi. Katika balayaji ya wazi dawa hukaa hewani, na ikikauka inaacha kufanya kazi. Kwa sababu hiyo tunatumia dawa nzito yenye udongo mweupe, ambayo hufanya gamba kwa nje huku ndani ikibaki na majimaji.

Niongeze jambo moja, maana huzusha malalamiko. Kwa nywele nyeusi ti kama zako, mafundi wengi hupaka kwa mkono huru kisha wakafunika kwa foili au plastiki ili dawa ipate nguvu. Ukiona hivyo usidhani umedanganywa. Kinachokupa mwonekano wa balayaji ni jinsi brashi ilivyopita, na foili hapo inasaidia joto tu.

Mkemia_Mtaratibu

Naomba nijazie upande wa blichi, kwa sababu kwa nywele ulizozieleza hilo ndilo swali litakaloamua mengine yote.

Mafundi hupima weusi wa nywele kwa ngazi, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 10 ambayo ni dhahabu iliyopauka. Karameli kwa kawaida huangukia ngazi ya 6 au 7, na wewe unaanzia 1 au 2. Rangi ya kudumu ya kawaida inaweza kuzipandisha nywele ambazo hazijawahi kuguswa kwa ngazi chache, na kwenye nywele nyeusi matokeo yake mara nyingi ni wekundu unaoonekana juani tu. Juu ya nywele zilizokwisha kupakwa rangi haipandishi chochote, kwa kuwa rangi haiondoi rangi. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ukiitaka karameli inayoonekana, blichi haikwepeki.

Blichi ni unga wenye chumvi za persalfeti unaochanganywa na haidrojeni peroksaidi, ambayo huuzwa kwa nguvu ya 3%, 6%, 9% au 12%. Mchanganyiko huo hupenya ndani ya unywele na kuivunjavunja melanini, yaani rangi ya asili ya nywele. Melanini ya kahawia na nyeusi hukubali kuondoka mapema, lakini ile yenye wekundu na umanjano ni sugu zaidi, na ndiyo maana nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi kwenye dhahabu. Hupita kwenye wekundu, zikawa chungwa iliyokolea, kisha chungwa yenye umanjano, kisha manjano, na mwisho kabisa manjano hafifu. Mtu anayetaka kijivu cha fedha hana budi kufika mwisho wa safari hiyo. Wewe unayetaka karameli utashuka katikati ya njia, na hilo ni jambo jema kwa afya ya nywele zako.

Hapo katikati, hata hivyo, rangi inayobaki ni chungwa, na chungwa mbichi si karameli. Baada ya blichi kuoshwa hupakwa tona, ambayo ni rangi nyepesi inayorekebisha kilichobaki: bluu huizima chungwa, zambarau huizima manjano, kijani huuzima wekundu. Mtaalamu mzuri haizimi chungwa yote, huacha kiasi cha joto, maana karameli bila joto huonekana kama vumbi. Basi mteja anayetoka akilalamika kwamba nywele zake ni za chungwa, mara nyingi blichi ilifanya kazi yake sawasawa, ila tona ilirukwa au haikuchaguliwa vizuri.

Sasa upande ambao haupendezi. Unywele hupata uimara wake kutokana na vifungo vya salfa vinavyounganisha protini zake. Blichi haiishii kwenye melanini, huvunja pia sehemu ya vifungo hivyo, na vingi havirudi. Dawa ya kulainisha yenye haidroksidi ya sodiamu nayo huvishambulia vifungo hivyohivyo, ikavibadilisha kuwa vya aina nyingine isiyoweza kurejeshwa, ndiyo maana nywele za dawa hazirudi kuwa kipilipili. Kwa maneno mengine, nusu ya chini ya nywele zako imekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yake ya nguvu, tena imebeba rangi nyeusi ya boksi ambayo blichi italazimika kuing'oa kabla hata haijaigusa melanini yako.

Nawe rudia kusoma alivyoeleza Fundi Brashi: dawa hupakwa kwa wingi zaidi kwenye ncha. Mtindo huu unapeleka blichi nyingi pale ambapo nywele zako ni dhaifu kuliko mahali pengine popote. Hata dawa za kulinda vifungo, ambazo siku hizi huchanganywa na blichi, hupunguza madhara tu. Haziwezi kuigeuza nywele ya dawa iliyochoka ikawa mpya. Mtu akikuahidi kinyume cha hayo, muulize atafanyaje jaribio kwanza.

Kipilipili_Halisi

Nakubaliana na Mkemia kwa karibu kila alichosema, ila nina neno kuhusu hadithi ya matunzo machache, kwa sababu inarudiwa mno na watu ambao nywele zao ni nyoofu.

Ni kweli kwamba balayaji haikulazimishi kurudi saluni kila mwezi. Nywele mpya zikiota zinakutana na weusi ulioachwa pale juu, hakuna mstari unaokuumbua, na watu wengi hukaa miezi kadhaa kabla ya kupaka tena. Lakini tona huanza kufifia ndani ya wiki 4 hadi 8, kutegemea unavyoosha, na chini yake chungwa inakungoja. Kwa kichwa cha kipilipili, ambacho tangu asili mafuta ya ngozi hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha, sehemu iliyopauka hukauka upesi kuliko ulivyozoea. Utahitaji shampuu isiyo kali, kondishena kila unapoosha, barakoa ya kulainisha mara kwa mara, na shampuu ya bluu kila chungwa inapojitokeza. Ile ya zambarau ni ya wenye manjano, haitakusaidia sana kwenye karameli. Pasi ya nywele ipunguze joto, au iweke kando kabisa. Na ukiogelea kwenye bwawa, lowesha nywele kwa maji safi na upake kondishena kwanza, kwani nywele zilizopauka hunyonya shaba iliyomo majini na zinaweza kupata ukijani.

Jambo la pili ni mahali pa kupaka. Nywele za kipilipili hujikunja na kupungua urefu sana zinapokauka. Fundi akizinyoosha kwa joto, akapaka, kisha ukarudi kwenye mkunjo wako, michirizi iliyokuwa imepangwa vizuri huhama: mingine humezwa ndani, mingine hujikusanya mahali pamoja ikaonekana kama baka. Wapo wataalamu wanaopaka juu ya mkunjo wenyewe, kishungi kimoja baada ya kingine, wakiufuata mzunguko wake na kuangalia mwanga utakapoangukia. Nenda saluni nywele zikiwa katika hali unayoishi nayo kila siku. Kama fundi anasisitiza kwamba lazima zinyooshwe kwanza, na wewe huwa hunyooshi, tafuta mwingine.

Jicho_Pembeni

Samahani kwa kuingilia, nami nafuatilia mjadala huu. Nywele zangu hazijawahi kutiwa dawa wala rangi ya boksi, bali hina tu, tena mara nyingi. Je, hina nayo inahesabiwa, au naweza kwenda moja kwa moja?

Fundi_Brashi

Inahesabiwa sana, ndugu yangu. Hina safi ya majani hushikamana na protini ya unywele na ni ngumu kuitoa, kwa hiyo blichi inaweza kukuachia rangi ya chungwa isiyosogea. Hatari kubwa zaidi ni hina zilizochanganywa na chumvi za metali ili zikolee, hasa zile zinazouzwa kwa rangi nyingi. Metali ikikutana na peroksaidi inaweza kuchemka, kutoa joto na kuzikata nywele palepale. Mwambie fundi wako, naye akate nywele chache za chini, azitumbukize kwenye peroksaidi ya 6% iliyotiwa matone ya amonia na kuziangalia kwa nusu saa. Zikipata joto, zikitoa mapovu au harufu kali, au zikibadilika rangi ghafla, asikupake blichi.

Dada Ua la Asubuhi, nirudi kwenye swali lako la mwisho. Historia ya nywele ndiyo itangulie kabla ya picha. Nywele huota kwa wastani wa sentimita 1 na robo kwa mwezi, kwa hiyo urefu ulioutaja umebeba yaliyotendeka kwa miaka kadhaa. Taja dawa ya kulainisha, taja rangi ya boksi, na umwonyeshe kwa kidole mahali ambapo nywele za asili zinakutana na za dawa, maana mpaka huo ndio unaokatika kwa urahisi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mteja anayesema hajawahi kupaka chochote kwa sababu ilikuwa muda mrefu uliopita anamnyima fundi taarifa anayoihitaji kuliko zote.

Picha nazo zilete, lakini chagua za watu ambao nywele zao zilianza nyeusi kama zako na zina mkunjo unaokaribiana na wako, na zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana. Taa za saluni na vichujio vya simu hubadilisha karameli kuwa dhahabu bila taabu. Picha moja ya kile usichokitaka husaidia pengine kuliko tatu za unachokitaka, kwa kuwa neno karameli kila mtu ana lake kichwani. Eleza pia unavyogawa nywele, kama huwa unazifunga nyuma, na ungependa mwanga uanzie wapi kuzunguka uso, kwani mtu anayefunga nywele kila siku anahitaji michirizi ya chini na ya kisogoni ambayo mwingine hataiona kamwe.

Kabla ya siku yenyewe omba mambo mawili. La kwanza ni jaribio la mzio kwenye ngozi saa 48 kabla, kwa sababu baadhi ya tona zina kemikali za jamii moja na zile za rangi nyeusi, ambazo huwasababishia watu wengine muwasho mkali na uvimbe. Kama uliwahi kuwashwa na rangi ya boksi au na hina nyeusi, liseme hilo hata kama hukuulizwa. La pili ni jaribio la kishungi: fundi achukue nywele chache kutoka nyuma, za asili kando na za dawa kando, azipake blichi, azioshe na kuzivuta zikiwa mbichi. Nywele yenye afya huvutika kidogo na kurudi. Ikivutika bila kurudi, au ikiteleza vidoleni kwa ulaini usio wa kawaida, imefika mwisho wake na haifai kupaushwa.

Nikisema kwa kadiri ya ulivyoeleza, bila kukiona kichwa chako, mimi nisingepaka ile nusu ya chini.

Ua_la_Asubuhi

Nawashukuru sana nyote. Sikuwa nimefikiri kwamba ncha zinazopokea dawa nyingi ndizo zilezile zenye dawa ya kulainisha. Nina swali moja la ziada. Iwapo nitakubali kukata sehemu yote iliyotiwa dawa, zitabaki nywele fupi za kipilipili. Je, balayaji inawezekana kwenye urefu huo, au itanibidi nisubiri zirefuke? Na kama sitaki kukata kwa sasa, nina njia gani?

Kipilipili_Halisi

Inawezekana, ila haitafanana na picha za nywele ndefu. Mteremko kutoka giza hadi mwanga unahitaji nafasi, na kwenye nywele fupi nafasi hiyo ni ndogo, kwa hiyo fundi hupaka ncha za vishungi vya juu na vya mbele tu, akiacha vya ndani vibaki vyeusi ili mwanga uwe na kitu cha kuegemea. Kwa maoni yangu karameli hupendeza zaidi hivyo kuliko kwenye nywele zilizonyooshwa, kwa sababu kila mkunjo una sehemu yake ya mwanga na sehemu yake ya kivuli. Faida nyingine ni kwamba unaanza na nywele ambazo hazina historia, na blichi itapanda kwa usawa.

Kama hutaki kukata, omba michirizi michache kuzunguka uso, ipakwe kwenye sehemu ya asili peke yake na kuishia kabla ya ule mpaka, huku ukipunguza ncha za dawa kidogo kidogo kila baada ya miezi michache. Njia ya tatu ni wigi au nywele za kuongezea zilizokwisha kupakwa kwa mtindo huo, na hapo utajua kama karameli inaelewana na ngozi yako kabla blichi haijagusa nywele zako.

Fundi_Brashi

Naunga mkono, hasa hiyo ya wigi. Nyongeza yangu ni ya maandalizi tu. Osha nywele siku moja au mbili kabla, zifumue na kuzichambua vizuri, usizipake mafuta mazito, na usije siku ileile uliyofumua misuko iliyokaza wala ukiwa na mikwaruzo kichwani, kwa kuwa katika balayaji dawa huwekwa mbali na ngozi lakini tona huoshewa juu ya kichwa kizima. Pia tenga muda wa kutosha. Kupanda kutoka ngazi ya 2 hadi ya 6 au 7 kwa peroksaidi ya nguvu ndogo huchukua saa kadhaa, na pengine fundi atakuambia mfike nusu ya njia siku hiyo na kumalizia wiki kadhaa baadaye. Akikuambia hivyo, mkubalie. Akikuambia atatumia 12% ili mmalize haraka, chukua mkoba wako uondoke.